Namba Niliyoisoma Nusu

Kilichoninyima usingizi ni swali dogo: mtu akimpa mwizi nusu ya ufunguo, amempa ufunguo au hajampa?

Nililigeuza swali hilo usiku kucha. Upande mmoja niliona kwamba nusu ya namba si namba, kama vile nusu ya daraja haimvushi mtu. Upande wa pili niliona kwamba mwizi aliyebakiwa na nusu ya kubahatisha ana kazi ndogo kuliko mwizi asiye na chochote. Nina shahada ya bima na usimamizi wa vihatarishi. Chuoni tulifundishwa kupima hatari kwa majedwali. Sasa hatari ilikuwa imefika nyumbani, na jedwali lake sikulipata.

Nyuma ya swali hilo kulikuwa na lingine zito zaidi. Je, nifunge akaunti ya mama bila kumuuliza mama?

Akaunti yenyewe haikuwa na kitu cha maana siku ile. Ilikuwa inasubiri. Mama analima tumbaku Ipole, na masoko ya tumbaku yalikuwa yamekwisha. Mzigo wake ulikuwa umepimwa, umepangiwa daraja, na chama cha msingi cha ushirika kilikuwa kimesema malipo yataingia benki wakati wowote. Huo ulikuwa msimu wake wa mwisho. Miaka ya kuchochea moto ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kukausha majani na kuvuta moshi ambao hakuuomba, ilikuwa imemwachia kikohozi kinachomtangulia mlangoni. Alikuwa ameamua kuachana na tumbaku na kufuga nyuki. Fundi mmoja wa Sikonge alikuwa amemtengenezea mizinga ya kisasa na alikuwa anasubiri alipwe wiki ile ile. Kulikuwa na kikundi cha wafugaji nyuki waliokuwa wanaitamani. Malipo yakipotea, mizinga itakwenda kwa wengine, na mama ataandikisha jina tena kwa ajili ya mbolea ya tumbaku. Atarudi kwenye moshi.

Jambo hili lilinihusu kwa sababu laini ya mama ilikuwa kwenye simu yangu. Kwao mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya shamba la jirani, na mama alisema hawezi kuwa anapanda kichuguu kila saa kuangalia kama benki imemkumbuka. Kwa hiyo laini iliyosajiliwa benki alinikabidhi mimi, msomi, niishi nayo Tabora mjini. Yeye alibaki na laini nyingine na namba ya siri. Alibaki pia na kadi. "Wewe pokea meseji tu," aliniambia. "Zikiingia, niambie." Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, na niliichukulia kwa uzito unaostahili.

Nimepanga chumba Ng'ambo, kwenye nyumba ya fundi baiskeli. Yeye ni Mzaramo. Alikuja Tabora kijana kufanya kazi ya reli, reli ikamwacha, yeye hakuondoka. Mimi ni Mnyamwezi. Basi ni watani, na utani wetu si wa juzi: ulianza enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo kutoka huku, wakapita Kwihara, wakatembea mpaka pwani, na kuwakuta babu zake wameketi. Kila asubuhi mimi humwambia "Shikamoo, mzee," naye hujibu "Marahaba, mpagazi wangu." Nikimuuliza habari za asubuhi huniambia mzigo uko nje, niubebe. Mimi humwambia sina haraka, kwa kuwa mwenye mzigo tangu azaliwe hajasimama.

Utani una sheria moja ngumu. Mtani akikufanyia jambo, hukasiriki. Ukikasirika, mkosaji ni wewe. Mzee huyu anaijua sheria hiyo na anaitumia yote. Ana kipaji cha kuigiza sauti: mtangazaji wa redio, mtendaji wa kata, padri mwenye mafua. Wakati fulani alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyevaa tai, akanipongeza kwa kushinda usaili wa kazi ambao sikuufanya. Nilikuwa nimeomba kazi nyingi kiasi kwamba sikuweza kuwa na hakika. Niliwaza kwamba huenda siku hizi watu wanasailiwa bila kujulishwa. Nilipiga pasi sketi, nikatoka, na karibu na stesheni nikamkuta amekaa juu ya baiskeli ya mteja, ananisubiri.

"Karibu kazini, mpagazi," alisema.

Nilicheka, kwa mujibu wa sheria.

Sasa nieleze siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Asubuhi meseji iliingia kwenye laini ya mama: "Ndugu mteja akaunti yako imesitishwa kwa kutohakikiwa. Malipo unayotarajia HAYATAPOKELEWA. Hakiki sasa kwa kubonyeza hapa au subiri kupigiwa na ofisa wetu." Chini yake kulikuwa na kiungo kirefu chenye herufi zisizopendana.

Sikubonyeza. Nataka hilo lieleweke. Niliketi na meseji ile kama mtu aliyeketi na mgonjwa. Niliona kwamba imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, wakati meseji za benki huja na jina la benki na kujipanga zote sehemu moja, tangu ile ya kwanza ya kumkaribisha mama. Niliona haikutaja jina la mama. Niliona ilikuwa na haraka, na benki tunayoijua, ambayo imewahi kumkalisha mama kwenye benchi hadi akamaliza kusuka ukili, haina haraka na mtu. Kitu kimoja tu kilinisumbua: walijuaje kwamba tunatarajia malipo? Hilo lilinichukua mpaka nikaunguza chai. Kisha nikakumbuka kwamba katika msimu ule nusu ya mkoa ilikuwa inatarajia malipo. Ni kama kumwambia mzazi mwezi wa Januari kwamba unajua ana shida ya ada.

Nilimpelekea mzee simu barazani, alikokuwa amepindua baiskeli miguu juu. Aliishika mbali na macho, akasoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Waongo hawa," alisema.

"Umejuaje, mzee?"

"Wanakuita ndugu. Benki haina ndugu."

"Kwa hiyo niifute?"

"Usifute. Subiri ofisa akupigie. Watakupigia leo leo, mtani, na mimi nitakuwepo." Akacheka, akarudi kwenye mnyororo wake.

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza. Kwa masikio ya mtu mwingine yalikuwa maneno ya kawaida. Kwa masikio ya mtani wake yalikuwa taarifa. Nilijua, kwa hakika ambayo huwa siipati kwenye mambo mengine, kwamba mzee anajiandaa kunipigia kwa sauti ya tai.

Mchana nilikuwa uani nachambua mchele. Nilipochungulia barazani niliona baiskeli imepinduliwa na kiti hakina mtu. Simu ikaita kwenye laini ya mama, namba ngeni. Nikatabasamu kabla ya kupokea.

"Habari za mchana. Naongea na mteja wetu?" Sauti ilikuwa nzuri, nzito, ya mtu aliyevaa tai na pengine koti.

"Unaongea na mpagazi wako, mzee. Mzigo upo."

Nikasikia akifunua karatasi.

"Dada, nakupigia kutoka makao makuu ya benki."

"Makao makuu siku hizi yako wapi? Chini ya baiskeli?"

"Yako Dar es Salaam, dada."

"Pwani. Nilijua. Na hapo ulipo umeketi?"

"Ndiyo, nimeketi."

"Mmeketi tangu babu yangu anapita Kwihara na mzigo kichwani. Haya, eleza shida yako."

Alieleza. Lazima nikiri alikuwa na uvumilivu. Alisema akaunti imesitishwa, na kwamba anataka kunisaidia kabla malipo hayajarudishwa yalikotoka. Nilimwambia yakirudishwa aje ayabebe mwenyewe, ajue uzito wa kazi. Akaomba jina kamili la mwenye akaunti. Nilimpa jina la mama, la kweli, majina yote matatu. Ningeweza kutaja jina lolote, lakini kusema uongo juu ya jina la mama ni jambo linalohitaji kufikiriwa, na kwenye utani hakuna muda wa kufikiri.

"Mwenye akaunti anaishi wapi?"

"Ipole. Kwetu hata nyuki wana akaunti. Nyinyi kwenu pweza ana akaunti?"

"Dada, tuwe makini kidogo."

"Nimekuwa makini maisha yangu yote, mzee. Angalia nilipofika."

"Sawa. Sasa itaingia meseji yenye namba. Unisomee."

Meseji iliingia. Haikuja na namba ngeni. Ilikuja na jina la benki, ikajipanga chini ya meseji zote za benki za miaka yote. Hapo ndipo nilipopaswa kufikiri, na kwa kweli nilifikiri. Niliwaza kwamba safari hii mzee amejituma, ametafuta mtu ndani ya benki wa kumsaidia. Hiyo ndiyo hasara ya kuwaza sana. Kila jambo unalipatia sababu.

Nikaanza kusoma namba kwa sauti ya mthamini wa tumbaku anapotangaza daraja la mzigo, kwa kuvuta kila tarakimu mpaka ichoke. Nilikuwa nimefika katikati geti lilipofunguka. Mzee aliingia. Mkono mmoja umeshika mkate, wa pili umeshika pampu ya baiskeli. Alikuwa anapiga mluzi.

Nilimtazama mdomoni. Mluzi uliendelea. Simu sikioni kwangu ikasema, "Endelea, dada."

Niliangalia kama ana mkono mwingine.

"Dada, endelea. Namba inaisha muda wake."

"Samahani," nilisema, kwa adabu kamili. "Wewe ni nani?"

"Ofisa wa benki."

"Si mtani?"

"Mtani ndiye nani?"

Nilikata simu. Ikaita tena papo hapo. Nikaifunika kwa ungo wenye mchele, ikaendelea kuita chini yake na mchele ukawa unacheza.

"Nani huyo?" mzee aliuliza.

Nilimweleza. Aliweka mkate chini, kisha pampu, kisha akaketi mwenyewe, na kwa mara ya kwanza sikupata hamu ya kumwambia kitu kuhusu kuketi. Alitaka kuiona meseji. Tuliisoma pamoja. Kabla ya namba kulikuwa na sentensi nzima inayosema usimpe mtu yeyote namba hii, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa benki. Niliiruka sentensi hiyo ili niifikie namba.

"Umemsomea mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Nusu," alisema. "Basi hakuna kitu. Nikikupa nusu ya baiskeli utaendesha?"

"Mzee, baiskeli ya juzi haikuwa na gurudumu la mbele na mtu aliinunua."

Alifikiria hilo. "Kweli," alisema. "Na aliondoka nayo."

Tatizo lililofuata lilikuwa la kupata namba ya benki. Nilitaka niwapigie mimi, kwa namba yao, si kwa namba iliyonipigia. Namba hiyo huandikwa nyuma ya kadi, na kadi ilikuwa Ipole. Ukutani kwa mzee kulikuwa na kalenda ya benki hiyo hiyo, ya mwaka uliopita, aliyoiacha kwa sababu ya picha ya shamba la alizeti. Chini ya alizeti kulikuwa na namba ya huduma kwa wateja. Lakini kalenda imepita wakati. Na namba je? Nilitembea mpaka kwenye tawi mjini. Lilikuwa limeshafungwa. Nikasoma namba kwenye kibandiko cha mashine ya kutolea fedha, kisha nikasoma kwenye bango, kwa kuwa kibandiko kinaweza kubandikwa na mtu yeyote. Nikalinganisha na picha niliyoipiga ya kalenda. Zote zilifanana. Mlinzi alinitazama kwa muda.

"Dada, unatafuta nini?"

"Nasoma namba."

"Hiyo ipo hapo kila siku," alisema, bila ubaya, na akasogea ili nisome vizuri.

Nikapiga nikiwa nimesimama pale pale, kwa laini ya mama. Nilisubiri muziki uishe. Akapokea kijana mwenye sauti ya kawaida kabisa, isiyo na tai, akaniuliza anisaidie nini. Kisha akaniuliza jina kamili la mwenye akaunti.

Lilikuwa swali lile lile.

"Kabla sijakwambia," nilisema, "naomba unithibitishie kwamba wewe ni benki."

"Dada, wewe ndiye uliyepiga."

"Hilo nalijua. Lakini thibitisha."

"Umepiga namba yetu, dada. Mimi sikujui. Sijui hata unataka nini."

Nililitafakari jibu hilo na nikaona lina uzito. Mwizi alikuwa anajua anachotaka tangu mwanzo. Huyu hakutaka kitu. Nikamweleza yote, isipokuwa habari za upagazi na pweza. Alisikiliza. Aliniambia mambo ambayo nadhani huwaambia watu siku nzima: nisipokee tena simu za namba ile, nisibonyeze kiungo, namba ya siri wala namba ya uthibitisho asipewe mtu hata yeye. Akasema anaweza kuzuia huduma zote za akaunti sasa hivi, kwa dharura, kwa kuwa nimepiga kwa laini iliyosajiliwa. Malipo yakiingia yataingia na kukaa. Ila kufungua tena, lazima mwenye akaunti aende mwenyewe tawini na kitambulisho.

"Mwenye akaunti ni mama yangu," nilisema. "Yuko Ipole. Kuna fundi wa mizinga anamsubiri."

"Naelewa, dada. Nizuie?"

"Nitafikiria."

"Unafikiria nini?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Nadhani alitaka kujua kweli.

Nilikata simu ili nifikirie.

Kwa hiyo sikulala. Nikifunga akaunti, malipo yakiingia kesho mama hataweza kuyatoa, fundi atauza mizinga, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemrudisha mama kwenye bani kwa mkono wangu, kwa kumlinda. Nisipofunga, huenda hakuna litakalotokea, kwa kuwa nusu si kitu. Au huenda malipo yataingia mlango wa mbele na kutoka wa nyuma. Sikuweza kumuuliza. Laini yake nyingine haikupatikana, na kichuguu hupandwa Jumapili, baada ya ibada ya Moravian.

Asubuhi mzee alinikuta nimeketi ukingoni mwa baraza yake. Nilimwamkia. Alisema marahaba bila kuniita mpagazi. Alifungua boksi la spana, akalifunga.

"Nipe ile namba nyingine ya mama yako," alisema. "Nitampata mimi, hata kwa kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Habari mbaya ni mzigo wa mtani."

Hilo ni kweli. Kwetu kwenye msiba mtani ndiye anayeingia mahali ambapo ndugu wanasita, akasema linaloshindikana kusemwa, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka katikati. Mzee alikuwa anajitolea kwa moyo wote, nami nilishukuru. Lakini niliwaza. Huyu ndiye aliyewahi kumpigia mama akamwambia nimeolewa na dereva wa treni ya mizigo, na kwamba mahari imeletwa kwa behewa. Mama alicheka msimu mzima. Leo akipigiwa na sauti hiyo hiyo na kuambiwa akaunti yake imeingiliwa, atacheka kwa nguvu zake zote, atakohoa, atamsalimia mzee, na atakwenda Sikonge kwa fundi bila wasiwasi.

"Hatakuamini, mzee," nilisema.

"Mimi?" Akafikiri. "Hapana, hataniamini."

"Sitaki acheke."

"Basi ni wewe."

Wakati huo huo simu ilitoa mlio. Meseji kutoka benki, yenye jina la benki, mahali pake. Namba mpya ya uthibitisho, na sentensi ile ile ya kukataza, ambayo safari hii niliisoma yote. Sikuwa nimeomba namba yoyote. Kabla sijaiweka simu chini ikaingia nyingine.

Niliziangalia kwa muda mrefu. Nilichokuwa nakitafuta usiku kucha kilikuwa pale. Mtu mwenye ufunguo habishi hodi. Yule bwana mwenye sauti nzuri alikuwa bado anabisha, maana yake nusu niliyompa haikumfungulia. Na mtu anayebisha hodi asubuhi mapema hivyo hana mpango wa kuondoka. Atabisha leo, atabisha kesho, atabisha siku malipo yanaingia, na siku moja ataniita kwa sauti nyingine ambayo nitaipatia sababu.

Nilipiga namba ya benki. Muziki ukaisha. Alikuwa mtu mwingine, mwanamke, naye akaniuliza jina kamili la mwenye akaunti. Nilimpa.

"Nikusaidie nini?"

"Funga."

"Nizuie huduma zote?"

"Zote."

Akaniuliza maswali machache ya kuhakikisha, nikajibu. Nilisikia kibodi. Akasema kuna mtu amekuwa akijaribu kuisajili akaunti kwenye simu nyingine tangu jana na hajafanikiwa, hakuna kilichotoka. Akasema imezuiwa. Akanikumbusha kwamba kufungua ni mwenye akaunti tu, ana kwa ana. Nilimwambia najua, ndiyo maana ninamfuata.

Mzee alinisindikiza mpaka stendi akikokota baiskeli ya mteja, asije akaonekana anatembea bure. Nilipanda gari la njia ya Mpanda. Aliniambia kupitia dirisha, "Msalimie mama. Mwambie safari hii siyo mimi."

Nilishuka kwanza Sikonge. Sikuwa nimepanga, lakini niliona kwamba nikimpelekea mama tatizo ni vizuri nimpelekee lote. Fundi wa mizinga alikuwa anapiga randa ubao. Mizinga ya mama ilikuwa imepangwa ukutani, myeupe, inanukia mbao mbichi. Nilimweleza kwamba malipo yatachelewa kidogo na sababu yake. Alisikiliza bila kuacha randa.

"Wale wa kikundi wanakuja kesho," alisema.

"Mama anaweza kuja leo, malipo yakiwa yameingia."

"Mizinga ipo," alisema. Nilisubiri aongeze kwamba itamsubiri. Hakuongeza.

Nilipata lori la mkaa mpaka Ipole. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, anabomoa bani. Sikuwa nimejua kwamba ameshaanza. Nyasi za paa zilikuwa chini, ukuta wa upande mmoja umelala, naye alikuwa ameshika nguzo moja anaitikisa ing'oke. Nguzo zilizotangulia alikuwa amezipanga kando kwa ajili ya kutundikia mizinga. Niliitazama ile kazi na nikaelewa kwamba hata akitaka kurudi kwenye tumbaku, hana pa kukaushia.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kinyamwezi, kama tunavyosalimiana nyumbani.

Aliitikia, akaachia nguzo. Alinitazama miguuni, vumbi la mkaa, kisha usoni. "Zimeingia?" aliuliza. "Umekuja kuniambia mwenyewe?"

"Mama, nimefunga akaunti yako."

Alianza kucheka. Nililitarajia hilo. "Yule Mzaramo," alisema. "Safari hii amekutuma mpaka huku? Nauli kakupa yeye?"

"Hapana, mama. Amesema nikwambie siyo yeye."

Kicheko kilikatika. Nilisimama pale pale kwenye nyasi za paa nikamweleza, tangu meseji ya kwanza. Nilimweleza kwamba nilidhani ni utani, kwamba nilitaja jina lake lote, kwamba nilisoma namba mpaka nusu. Nilimweleza yaliyokuwa yanaendelea asubuhi, na kwamba hakuna kilichotoka, na kwamba malipo yakiingia hayatatoka mpaka yeye aende tawini mwenyewe. Sikumweleza nilivyowaza. Ingechukua muda.

Alisikiliza bila kunikatiza, mkono mmoja ameurudisha kwenye nguzo.

"Fundi je?"

"Nimepita kwake. Mizinga ipo. Kuna watu wanakuja kesho."

"Na Sikonge tawi lipo."

"Lipo."

Akakohoa, akageuza uso, akamaliza. Kisha akaisukuma ile nguzo mara moja kwa bega, ikaanguka, akaniachia niiburute nikaiweke na zile nyingine. Alinawa mikono kwenye ndoo. Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu vya kanisani, kitambulisho na kadi amevifunga kwenye pindo la khanga. Akafunga mlango kwa kufuli.

"Hiyo laini," alisema, akinyoosha mkono. Niliitoa kwenye simu nikampa. Akaiangalia kwenye kiganja chake, kitu kidogo namna ile, akaifunga pindoni pamoja na kadi.

"Tangulia barabarani," aliniambia. "Simamisha gari lolote linalokwenda Sikonge. Usichague."

Nilitangulia. La kwanza kutokea lilikuwa lori lile lile la mkaa linarudi na magunia, na nikalisimamisha.